Kiharusi: mkono uliopoteza nguvu usiachwe ukalala

Mtu akipata kiharusi, mara nyingi mkono mmoja hulegea. Mkono wenyewe haukuumia. Kilichoumia ni sehemu ya ubongo inayouamrisha, kwa sababu damu haikufika au mshipa ulipasuka. Ndiyo maana kuchua peke yake hakutoshi. Ubongo hujifunza upya pale mgonjwa anapojaribu mwenyewe kuutumia mkono huo, tena na tena.

Utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulionyesha kuwa, umri ukizingatiwa, kiharusi kilikuwa karibu mara tatu zaidi Dar es Salaam.

Kwa mkazi wa Pugu, kufuata mazoezi tiba Hospitali ya Taifa Muhimbili ni kupita Gongo la Mboto na kulipa nauli ya watu wawili, mgonjwa na anayemuuguza. Wengine huishia njiani. Tunashauri hivi: mkifika kliniki, mwombeni mtaalamu amfundishe ndugu mazoezi ya nyumbani, na mkiruhusiwa myarekodi kwa simu.

Daktari akisharuhusu, mambo haya husaidia:

- Mgonjwa afute meza kwa kitambaa, mkono mzima ukiusaidia ule dhaifu.
- Ashike kikombe kitupu cha plastiki, akiinue, akiweke chini, kisha akiachie.
- Vidole vikianza kuitika, abane na kubandua vibanio vya nguo, achambue mchele, akunje khanga.
- Afanye kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, apumzike akichoka.

Yapo pia ya kuepuka. Usimwinue mgonjwa kwa kumvuta mkono dhaifu, maana bega linaweza kuteguka. Akikaa, mkono uwekwe juu ya mto, usining'inie. Maji ya kuoga yapimwe kwa mkono mzima, kwani mkono wenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Na ndugu, msimfanyie kila kitu. Mkono usiotumika huzidi kukakamaa.

Nafuu kubwa huonekana zaidi miezi mitatu ya mwanzo, lakini hata baada ya hapo mazoezi bado yana faida. Dawa za presha zisiachwe. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, msisubiri kupambazuke: mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.