Zimwi Liko Ngeli Gani?

Tuseme mwalimu wa gredi ya tatu huko Kasikeu, Makueni, amepakua karatasi ya mazoezi ya Halloween. Popo 8 wametua kwa paa, 3 wakaruka, wamebaki wangapi? Chini yake kuna sentensi zenye nafasi wazi, na mchawi wa kofia ndefu anasubiri apewe kitenzi. Zoezi lenyewe halina ubaya. Mtoto akiogopa kidogo, anakuwa makini.

Tatizo ni malenge. Kule Ireland sikukuu hii ilikotoka, mwisho wa Oktoba ulikuwa mwisho wa mavuno. Watu walichonga sura kwenye mizizi ya shambani, na wahamiaji wao walipofika Marekani karne ya 19 wakakuta maboga, makubwa na rahisi kuchonga. Makueni, tarehe 31 Oktoba watu wanaangalia mawingu. Mvua ya vuli ndiyo inaanza, ndiyo tegemeo la Ukambani, na malenge likipatikana linachemshwa linaliwa na chai. Ukilitoboa macho na kuliweka mlangoni, susu atakuuliza kama uko sawa.

Na kuna hili la uchawi. Mkenya akisikia Ukambani, mzaha wa kamuti uko tayari mdomoni. Huyo huyo anamnunulia mtoi kofia ya mchawi supamaketi. Uchawi uliokuja na meli ni sanaa ya darasani, wa kwetu ni aibu!

Ilhali hofu ya hapa ilikuwa na shule yake. Jioni, mtu mzima anaita "kwata ndai", watoto wanajibu kwamba wamekwata, kitendawili kinategwa. Baadaye zinakuja hadithi za eimu, zimwi la Wakamba, mla watu. Msweden Gerhard Lindblom alizikusanya mapema karne ya 20. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, akachapisha *Akamba Stories* kule Oxford mwaka 1966. Yaani eimu alifika Oxford, lakini darasani kwao hakukaribishwa. Shule nyingi za Kenya zilimvisha mtoto kidude shingoni akikamatwa akiongea lugha ya mama. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, lakini kidude hakikupotea mara moja. Hadithi ikabaki nje ya geti pamoja na lugha yake.

Kama ni hesabu za kutisha, popo hawahitajiki. Stesheni ya Kima haiko mbali na Kasikeu, kwenye reli ile ile ya Mombasa hadi Nairobi. Usiku mmoja wa Juni 1900, Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli, na wenzake 2 walikaa ndani ya behewa wakimvizia simba mla watu. Ryall ndiye alikuwa zamu, na inaaminika alisinzia. Simba akaingia kwa mlango, akatoka kwa dirisha akiwa na Ryall. Watu 3, simba 1: wamebaki wangapi kwa behewa? Hakuna mtoto atasahau jibu hilo. (Na ndiyo, watacheka jina la stesheni. Waache wacheke.)

Sarufi nayo iko papo hapo. Kitabu cha darasani kitasema zimwi ni kiumbe, kwa hivyo ngeli ni A-WA: zimwi amekuja, mazimwi wamekuja. Lakini methali tunayoijua wote inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ni *li*, si *a*. Methali imelitoa kwenye kundi la watu na wanyama, ikaliweka na majabali na majitu, vitu vya kukuzidi kimo. Nani yuko sawa, kitabu au wazee? Waulize watoto wa gredi ya tatu, watabishana hadi kengele ilie, na ngeli zitakuwa zimeingia kichwani kuliko kujaza nafasi 10. Yule wa kofia ndefu hawezi kuzua ubishi huo. Mchawi ni A-WA, basi.