Moshi: ukitaka kushiba, fuata mkungu wa ndizi

Watu wengi wanaotoka Dar kwenda Moshi kwa mara ya kwanza hurudi na hadithi ya chipsi mayai waliyokula karibu na stendi. Jamani! Yaani mtu anasafiri kutwa nzima hadi chini ya Mlima Kilimanjaro, halafu anakula kile kile kinachouzwa pale Sinza? Ila tusiwalaumu sana. Wa kulaumiwa hapa ni historia ya mji wenyewe.

Moshi tunayoijua leo ni mtoto wa reli. Moshi ya kwanza iko juu mlimani, Old Moshi, ambako Wajerumani walikuwa na boma lao na ambako walimnyonga Mangi Meli mwaka 1900. Reli kutoka Tanga ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1910, mji ukashuka chini kuifuata stesheni. Wakaja makarani, wafanyabiashara wa Kihindi na watu wa pwani. Hawa hawakuwa na shamba wala jiko la mama karibu, kwa hiyo chakula chao kilikuwa cha kununua: chapati, sambusa, pilau, chai. Mchagga aliyeshuka mjini asubuhi, jioni alipanda kwake kihambani kula. Nani angemuuzia ndizi wakati nyumba yake imezungukwa na migomba?

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, chakula cha Kichagga kilichelewa sana kuingia hotelini. Kilikuwa na shughuli zake. Mtori ni wa mama aliyejifungua. Mbege, ya ndizi mbivu na ulezi, ni ya kikao cha ukoo, harusi na matanga. Machalari, ndizi na nyama, ni ya kukaribisha mgeni. Hata kiburu, ndizi na maharage, kina historia: ile magadi inayotiwa humo haitoki mlimani, ilipandishwa kutoka tambarare na kubadilishwa sokoni na akina mama.

Hapo kwenye soko ndipo penye jibu. Tangu zamani soko la Uchaggani ni la wanawake, na mpaka leo wao ndio wanaoshuka na mikungu. Nenda Mbuyuni au Kiboriloni, au panda Marangu siku ya soko. Pale mikungu inapoteremshwa, hakosekani mama lishe anayewapikia wauzaji. Na muuza ndizi hadanganywi kwa ndizi! Akiona mtori umepikwa kwa ndizi isiyo mchare, atasema hapo hapo. Basi kaa benchi moja naye. Nenda asubuhi, maana mtori mzuri haungoji mchana.

Kahawa ndiyo kichekesho. Mbuni umekuwepo mlimani tangu wamisionari Wakatoliki wa Kilema walipoupanda mwishoni mwa karne ya 19, na KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa, umekuwepo tangu 1933. Lakini agiza kahawa kwenye mgahawa wa kawaida, usishangae ukiletewa maji ya moto na kopo la kahawa ya unga, pengine kutoka kiwandani Bukoba. Kahawa ililimwa iuzwe nje, ndizi zililimwa ziliwe. Ukitaka kumjua Mchagga, anza na ndizi.

Nasema haya kwa sababu vihamba vinazidi kugawanywa vipande vipande kwa watoto na wajukuu, na vijana wengi wako mijini, wanapanda mlimani Krismasi tu. Bibi anayejua ndizi ipi ni ya mtori na ipi ni ya mbege hana tena wa kumrithisha jikoni. Mama lishe wa sokoni ndiye aliyebaki akipika kila siku, na atapika mradi kuna wa kununua.

Kwa hiyo ukifika Moshi usiulize hoteli nzuri iko wapi. Uliza ndizi zinateremshwa wapi. Mengine tumbo litakuambia.