Jina la Nyeri Lilitolewa Mbali

Hapa Gakindu kila mmea wenye majani manene na miiba pembeni huitwa aloe vera. Ule wa kwenye ua la cucu, unaokatiwa kuku kwenye maji yao kukiwa na kideri. Hata kale kadogo ka madoadoa meupe kanakouzwa kwenye kikopo mjini Nyeri. Kumbe aloe vera yenyewe asili yake ni Uarabuni. Ule wa cucu, wenye mashina mengi yanayosimama hadi kumpita mtu na maua mekundu ya kuelekea rangi ya chungwa, unaitwa Aloe nyeriensis.

Jina hilo lilichapishwa mwaka 1952, Afrika Kusini. Walioliandika ni Basil Christian, mkulima wa Rhodesia ya Kusini aliyekuwa amefariki tayari, na Inez Verdoorn, mtaalamu wa mimea wa Pretoria. Mwaka huohuo, tarehe 20 Oktoba, Gavana Baring alitangaza hali ya hatari. Yaani mmea ulipata heshima ya kuitwa wa Nyeri, na wenyeji wa Nyeri, waliokuwa wakiuita thukurui siku zote, wakaanza kupangwa foleni na kukaguliwa. Sisemi mambo haya mawili yanahusiana. Ila mimi siwezi kuusoma ule mwaka kwenye jina nikatulia.

Sasa twende kwenye vikopo vyangu vya maziwa lala. Kuchanganya mimea kwa mkono si jambo geni: Thomas Fairchild alifanya hivyo London kabla ya 1717, akapata chotara wa maua mawili. Kwa aloe kazi ni rahisi. Ua hutoa chavua kwanza, na ncha yake ya kike hukomaa baadaye. Chavua yake mwenyewe mara nyingi haifai kitu, inataka ya mwingine. Mimi huchukua ya thukurui kwa brashi ndogo ya rangi, nikaipaka kwenye kale kadogo, kisha nafunika kwa neti nyuki na chozi wasije na yao.

Mbegu zikiota ndipo shida huanza, maana miche hufanana, na maua utayangoja miaka. Bila kibandiko, chotara huyo atauzwa kando ya barabara kama thukurui, apandwe uani, na chozi amalizie kazi kwa kuvichanganya tena. Baada ya muda huwezi kusema ipi ni ya Nyeri kweli. Kwa hiyo naandika mama kwanza, halafu baba, halafu tarehe, kwenye kipande cha plastiki. Na usiende kung'oa porini: Rais Moi alipiga marufuku uvunaji wa aloe za mwituni mwaka 1986. Omba tawi kwa jirani, liache likauke kidonda siku kadhaa, ndipo upande.

Kuna kitu kimoja kinanifurahisha katika hizi sheria za majina. Tangu 1959, jina jipya la mmea uliozalishwa bustanini halitakiwi kuwa la Kilatini. Linaweza kuwa la Kiswahili au la Kikuyu. Miche yangu bado ni ya urefu wa ukucha, lakini cucu ameshaanza kutaja majina.