Wauza Umeme na Ramani za Majengo: Habari za California tangu Mwaka 1957

Mwaka 1957 makampuni ya umeme ya Marekani yalianza kutoa nishani ya kubandikwa karibu na mlango wa nyumba mpya. Juu yake ulichorwa mwale wa umeme wa mbinguni, na msomaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake imeviita vitu hivi viwili kwa jina moja, hahitaji kufasiriwa alama hiyo. Nyumba haikupewa nishani kwa uzuri wake. Ilimpasa mjenzi aweke nyaya za kutosha, jiko la umeme na vyombo vingine kadha wa kadha. Na aliyetaka nishani ya dhahabu hakuwa na budi kuipasha nyumba nzima joto kwa umeme, bila gesi wala mafuta. Kampeni yenyewe ilikuwa imeanza mwaka 1956, ikiungwa mkono na General Electric na Westinghouse, watengenezaji wa vyombo hivyo. Ronald Reagan, ambaye siku hizo alikuwa mwigizaji wa sinema, alionyeshwa katika televisheni akiwa nyumbani kwake Pacific Palisades, amezungukwa na vyombo vya umeme vya kila namna.

Basi kuingia kwa wauza umeme katika ramani za nyumba si jambo la jana. Kilichogeuka ni nia. Mwaka 1999 makampuni makubwa ya California yalianza mpango ulioitwa Savings By Design, wa kuwalipa wenye majengo pamoja na wasanifu wao ili majengo yachorwe kwa namna ya kununua umeme mchache. Mfanyabiashara amlipaye mteja ili asinunue ni kioja, na kioja hicho kina historia yake.

Historia hiyo imo katika vitabu vya hesabu kabla ya kuwamo katika dhamiri ya mtu yeyote. Kampuni ya umeme ya Marekani haijipangii bei. Bei hupangwa na tume ya jimbo, nayo tume huiruhusu kampuni kupata faida kwa kadiri ya mtaji iliouweka katika mitambo na nyaya. Hata kufikia miaka ya 1960 kila kituo kipya kilizalisha umeme kwa bei rahisi kuliko kilichotangulia, na kwa hiyo kuuza zaidi kulimfaa muuzaji na mnunuzi pia. Nishani ya mlangoni haikuwa ulaghai wakati huo. Lakini katika miaka ya 1970 mambo yalipinduka: mafuta yalipanda bei mwaka 1973, riba ikapanda, na vituo vya nuklia vikagharimu mara nyingi ya ilivyokisiwa. Katika jimbo la Washington, shirika lililokuwa limekusudia kujenga mitambo mitano ya nuklia lilishindwa mwaka 1983 kulipa hati za deni za dola bilioni 2.25 za miwili kati yao. Katika mitano, ni mmoja tu uliopata kumalizika.

Mshtuko huo ndio uliofungua mlango. Sheria ya mwaka 1980 ya majimbo ya Kaskazini-Magharibi ilikuwa imekwisha kuamuru kwamba umeme uliookolewa uhesabiwe kuwa chanzo cha umeme kama bwawa au kituo, tena upendelewe kwa asilimia 10 katika kulinganisha gharama. Bonneville Power Administration, shirika la serikali kuu liuzalo umeme wa mabwawa ya mto Columbia, lilianza katikati ya miaka ya 1980 mpango wa Energy Edge, na kuyasaidia majengo ya biashara yapatayo 28 yachorwe na kujengwa ili yapite kiwango cha wakati huo kwa asilimia 30. Somo lililopatikana lilikuwa chungu kidogo. Jengo lililoonekana hodari katika karatasi halikuwa hodari vivyo hivyo lilipokaliwa na watu: mitambo ilifungwa vibaya, saa za kazi zikarefuka, vidhibiti vikaachwa bila kurekebishwa. Tangu hapo ilikubalika kuwa ramani njema haitoshi, bali hapana budi mtu alipwe pia kulikagua jengo likisha simama.

California ilifanya jambo jingine, lisilopendeza sana kusimuliwa lakini lenye uzito kuliko yote. Kati ya mwaka 1978, kwa upande wa gesi, na mwaka 1982, kwa upande wa umeme, Tume ya Huduma za Umma ya jimbo ilitenganisha mapato ya kampuni na wingi wa mauzo yake. Tume hukadiria fedha zinazohitajiwa na kampuni kwa mwaka. Umeme ukiuzwa kidogo kuliko makadirio, upungufu huongezwa katika bei ya mwaka unaofuata, na ukiuzwa zaidi, ziada hurudishwa kwa wateja. Kwa utaratibu huo kampuni haipotezi kitu mteja akizima taa. Mwaka 1990 likaongezwa la pili, nalo ni kuwaruhusu wenye hisa wapate sehemu ya faida iliyotokana na kuokoa. Pasipo mambo haya mawili, hotuba zote za kuhimiza kubana matumizi zingekuwa sawa na kumsihi mvuvi asiende baharini.

Sasa, kwa nini fedha zipelekwe kwa msanifu, wala si kwa mnunuzi wa taa? Kwa sababu mambo makubwa ya jengo huamuliwa katika michoro ya kwanza: lielekee wapi, madirisha yawe mapana kiasi gani upande wa magharibi, mwanga wa jua ufike ndani kwa kina gani. Michoro ikisha tiwa sahihi, kila badiliko lina gharama. Isitoshe, anayejenga mara nyingi siye atakayelipa ankara ya umeme. Hulipa mpangaji, ambaye hakuwapo ramani ilipochorwa. Kampuni ya Pacific Gas and Electric ililijaribu wazo hili kati ya mwaka 1990 na 1997 katika mradi wa ACT², ambao nyumba yake moja mjini Davis, penye joto kali la kiangazi, ilichorwa ili ikalike pasipo kiyoyozi cha kawaida. Madirisha bora na kuta zilizokingwa zilighairi mashine yenyewe, na bei ya mashine iliyoghairiwa ikasaidia kuzilipia.

Savings By Design uliyafuata mafunzo hayo. Jengo lilipimwa kwa kompyuta zima zima, na likipita kanuni za jimbo kwa asilimia 10 au zaidi mwenyewe alilipwa. Wasanifu nao walikuwa na fungu lao, kwani kuchora mara mbili na kupiga hesabu mara tatu ni kazi isiyolipwa na mkataba wa kawaida. Hapa pana lawama mbili. Ya kwanza ni kwamba wengine walilipwa kwa jambo ambalo wangelifanya hata wasingelipwa, na kuwatambua watu hao ni kazi ya kubahatisha. Ya pili ni nzito zaidi: fedha zilitoka katika ankara za wateja wote, hata mpangaji wa chumba kimoja, zikamsaidia mwenye jengo la ofisi la ghorofa nyingi. Jibu la kwamba kituo kisichojengwa humpunguzia mpangaji naye gharama ni la kweli, ila mpangaji hakioni kituo kisichojengwa.

Ugumu huo wa kukitaja kisichokuwapo ulizaa hata neno. Amory Lovins, katika miaka ya 1980, alieneza neno negawati, ambalo inasemekana lilitokana na kosa la chapa katika taarifa ya tume ya Colorado, herufi moja ya megawati ikiwa imekosewa. Kwa nadra sana kosa la mpiga chapa limepata kuwa istilahi ya elimu.

Baadaye kipimo chenyewe kilibadilika. Sheria ya jimbo ya mwaka 2006 ilitaka hewa chafu ya kaboni ipunguzwe, na jengo liokoalo umeme huku likichoma gesi likaanza kutazamwa kwa jicho jingine. Mji wa Berkeley ulikataza mabomba ya gesi katika majengo mapya mwaka 2019, amri iliyobatilishwa na mahakama ya rufani mwaka 2023. Mpango uliokuja nyuma ya Savings By Design, uitwao California Energy Design Assistance, umetaja kaboni waziwazi na kuyahimiza majengo yatumiayo umeme mtupu, kama ilivyotaka nishani ya dhahabu, ijapokuwa kwa hoja nyingine kabisa. Muuza gesi, ambaye jina lake lilikuwamo miongoni mwa wafadhili wa Savings By Design, ametakiwa kusaidia kuchora majengo yasiyomhitaji. Na tarehe 1 Julai 2023 ruzuku ya kufikisha bomba lake kwenye jengo jipya ilikomeshwa kwa amri ya Tume ile ile.