Elfu Kumi na Tano za Omena na Historia ya Meza Hapa Kisumu

Wiki jana binamu yangu wa Homa Bay alinitumia ujumbe saa tano usiku. Amemaliza Form Four, ana simu ya nguvu kiasi, na anataka kuanza video za kuchambua mpira. Mama yake, ambaye kwangu ni waya (ndiyo, kwa Dholuo shangazi yangu ni "waya", na leo tutaongea sana juu ya nyaya), amempa elfu kumi na tano kutoka kwa pesa ya omena. Ameniletea picha tatu za meza alizoona mtandaoni. Meza nyeupe, taa za zambarau ukutani, mkeka wa ngozi chini ya kibodi, stendi ya kuning'iniza hedifoni, na kale kamti kadogo ndani ya chungu. Swali lake lilikuwa fupi: "Bro, ninunue gani kwanza?"

Kwanza nilimuuliza kibodi ni ya nini na hana kompyuta. Akanyamaza dakika kumi.

Lakini sikuwa na haki ya kumcheka, kwa sababu miaka miwili iliyopita mimi ndiye nilikuwa huyo. Nilinunua ile taa ya mviringo na mkanda wa taa za rangi kabla sijanunua maikrofoni. Jioni ya kwanza hapa Nyalenda nikafungua dirisha kwa sababu ya joto, nikawasha taa, nikaanza kurekodi. Wale wadudu wa ziwani wakaingia kama wamealikwa harusi. Ukiangalia hiyo video unaweza kudhani nilikuwa Ulaya na theluji inaanguka. Kisha Aprili ikafika, mvua ikapiga mabati, na kwa wiki mbili sikutoa sentensi hata moja inayosikika. Meza yangu ilikuwa nakala safi ya meza ya mtu ambaye hana ziwa wala mabati.

Kwa hivyo badala ya kumpa binamu orodha, nimempa historia. Ameudhika kidogo. Nyinyi mna subira kumshinda, acha niiweke hapa.

Nianze na kitu kinachoota karibu na kwetu. Ukienda Dunga, kabla ufike kwa maji unapita kinamasi cha mafunjo, yale tunayoita togo. Watu hukata, hukausha, na kusuka mikeka ambayo unaiona imeegemezwa kando ya barabara. Wengi tunaichukulia kama kitu cha ushago. Sasa sikia: huo mmea ndio Wamisri wa kale waliutumia kutengeneza karatasi yao. Walipasua shina, wakatoa nyama ya ndani vipande vyembamba, wakapanga safu moja wima na nyingine mlalo, wakagandamiza mpaka zikashikana. Hata neno la Kiingereza la karatasi limetokana na jina la mafunjo. Na maji ya ziwa letu yanatokea Jinja, yanaingia Nile, yanateremka mpaka huko Misri. Sisi tuko juu ya mto, wao walikuwa chini.

Kinachonifurahisha zaidi ni jinsi hao waandishi wa Misri walivyofanya kazi. Katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris, kuna sanamu ya mwandishi mmoja yenye zaidi ya miaka 4,000. Amekaa chini, amekunja miguu, na kitambaa cha kiunoni kimevutwa kikawa uso wa kuandikia. Hakuna meza. Vifaa vya watu kama yeye vilikuwa kibao chembamba chenye wino mbili, nyeusi na nyekundu, na kalamu za unyasi. Wasee waliandika hesabu za ufalme mzima kwenye mapaja yao, na hakuna aliyewaambia setapu yao haijakamilika.

Meza yenyewe, ile meza ya ofisi, huku kwetu ililetwa na reli. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, mji ukaitwa Port Florence kwa jina la mke wa Preston, injinia wa reli. Pamoja na mabehewa zikaja ofisi, na ofisi zikaja na meza, mafaili, mihuri na mashine za taipu. Tangu siku hiyo meza ikawa na maana ya pili hapa kwetu: kuna anayekaa nyuma yake na kuna anayesimama mbele yake. Babu zetu walisimama mbele. Kodi ya nyumba iliandikwa mezani. Kipande, kile cha kuvaliwa shingoni, kiligongwa muhuri mezani.

Ndiyo maana naona kilichotokea Maseno kama sehemu ya historia hii. Wamishenari wa CMS walianzisha shule pale mwaka 1906. Mwaka 1908 wanafunzi wakagoma. Malalamiko yao? Kazi za mikono zilikuwa nyingi mno na wao walikuja kusoma na kuandika. Yaani vijana wa umri wa binamu yangu waligomea jembe kwa sababu walitaka kalamu.

Na walipoipata waliitumia. Tarehe 23 Desemba 1921, vijana waliosoma misheni, wengi wakiwa walimu, walikusanya watu Lundha, kule Gem. Jonathan Okwiri akawa mwenyekiti wa Young Kavirondo Association, chama ambacho wazee walikikumbuka zaidi kwa jina Piny Owacho, yaani nchi imesema. Waliandika madai yao: kipande, kodi, kazi ya kulazimishwa, na hofu juu ya ardhi baada ya Kenya kugeuzwa koloni mwaka 1920. Mwaka uliofuata gavana Northey mwenyewe alikuja Nyanza kuwasikiliza. Baadaye Archdeacon Owen alikigeuza chama kuwa cha ustawi wa walipa kodi, na kwa maoni yangu moto ukapunguzwa makusudi. Lakini angalia walichokuwa nacho mezani: karatasi, wino, na jambo la kusema. Hilo la tatu halikutoka dukani.

Miaka ya 1940 tatizo likabadilika. Kuandika watu walijua, wa kuchapisha ndio hawakuwepo. Jaramogi Oginga Odinga, ambaye alikuwa mwalimu Maseno, alianzisha Luo Thrift and Trading Corporation mwaka 1947, na kampuni hiyo ikawa na mitambo ya kuchapisha, Ramogi Press. Magazeti kama Nyanza Times ya Achieng Oneko yalipitia hapo. Watu wa kawaida walitoa hela zao kununua hisa, na sehemu ya hizo hela ikaenda kwa mashine ya kuchapa. Kumbuka kulikuwa na mahitaji mengine chungu nzima. Nikifikiria pesa ya waya ya omena, nafikiria hao wanahisa.

Sasa tufike kwa watu wawili ninaowapenda kuliko wote katika hadithi hii, na wote ni wanawake.

Wa kwanza ni Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo, 1930. Alisomea uuguzi, akafanya kazi BBC London katikati ya miaka ya 1950, na baadaye akaendesha kipindi cha redio kwa Dholuo. Riwaya yake The Promised Land ilitoka 1966. Kabla ya hapo alipeleka hadithi zake kwa shirika la vitabu la serikali ya kikoloni, na meneja akashangaa mwanamke Mkristo anawezaje kuandika mambo ya kafara na dawa za kienyeji. Angeweza kubadilisha hadithi zimpendeze huyo meneja. Hakubadilisha. Na mwaka 1983, akiwa tayari ana jina kubwa kwa Kiingereza, akatoa Miaha kwa Dholuo. Tafsiri ya Kiingereza ilingoja mpaka 1989. Watu wa nyumbani walisoma kwanza, dunia ikafuata nyuma. Siku hizi tunafanya kinyume halafu tunashangaa mbona nyumbani hawatufuati.

Wa pili ni Asenath Bole Odaga, aliyezaliwa 1937 na kufariki 2014. Huyu ndiye angepaswa kuwa ukutani kwa kila kijana wa Kisumu anayerekodi kitu chumbani. Alikusanya simulizi za wazee, akaandika vitabu vya watoto, riwaya, na utafiti wa fasihi simulizi. Halafu, badala ya kungoja wachapishaji wa Nairobi wapate hamu, miaka ya 1980 akaanzisha Lake Publishers and Enterprises hapa Kisumu. Akawa na duka la vitabu pia. Kamusi yake ya Dholuo na Kiingereza ya 2005 ilitolewa na kampuni hiyo yake. Mwandishi, mchapishaji na muuzaji ni mtu mmoja, mji mmoja. Leo tunaita hiyo "kumiliki jukwaa lako" na tunalipia kozi za kufundishwa.

Nikiwaangalia hawa wote kwa pamoja naona kila mmoja aliuliza swali lile lile: ni nini hasa kinazuia neno langu lisifike? Hapo 1908 kilikuwa elimu. Mwaka 1947 mashine. Miaka ya 1980 mchapishaji. Pesa ikaenda hapo na si kwingine. Mimi nilinunua taa ya mviringo wakati kilichokuwa kinazuia neno langu kilikuwa mabati.

Kwa hivyo hapa kwetu 2020 na kitu, kinazuia nini? Mwanga sio. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, jua linachomoza na kuzama karibu saa zile zile Januari mpaka Desemba. Zile taa za joto kwenye meza za kina Seoul na Stockholm zina sababu, kwao kipindi cha baridi giza linaingia mapema. Wewe kaa kando ya dirisha saa moja asubuhi, mwanga ni bure na wadudu wamelala.

Sauti ndiyo shida. Chumba cha mawe na mabati kinarudisha sauti kama kanisa tupu. Mimi nilirudi Dunga nikanunua mikeka miwili ya mafunjo, mmoja nikaufunga chini ya mabati kama dari, mwingine ukutani nyuma ya simu. Joto limepungua na mwangwi pia umepungua, ingawa nisiwadanganye, blanketi zito linameza mwangwi kuliko mkeka. Na mvua ikinyesha kwa nguvu, wewe nenda ukale.

Meza nilitengenezewa na fundi wa Kibuye. Nilimwomba iwe na kina cha sentimita 60 na tundu la kupitisha nyaya. Aliniuliza nyaya za nini, nikamwonyesha, akaongeza upau chini wa kuzifungia bila kulipisha. Siku mbili baadaye mwenye duka jirani aliagiza kama hiyo.

Juu ya meza nina kitu kimoja tu cha urembo, trei iliyosukwa kwa gugumaji. Hilo gugu asili yake ni Amazon, Amerika Kusini. Liliingia ziwani upande wa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufika upande wetu karibu 1990. Katikati ya miaka hiyo ya 1990 lilifunga bandari na kukwamisha mashua, mpaka mwaka 1997 wakaachilia mbawakawa wa kulila. Mafundi wa Kisumu wakaanza kukausha mashina, kuyasokota kama kamba na kuyazungusha kwenye fremu: viti, vikapu, trei. Ni nyepesi na inapendeza kwa kamera. Ila iweke mbali na ukuta wenye unyevu, itaota ukungu. Na tafadhali usiseme kwenye video kwamba ukinunua trei umeokoa ziwa. Nenda Dunga upepo ukiwa umelisukuma pwani, uone ni ekari ngapi, halafu urudi uongee juu ya trei yako.

Basi binamu nilimwandikia hivi: maikrofoni ndogo ya kubana kwenye shati kwanza, halafu powabanki kubwa kwa sababu stima ya kwenu inapotea bila kuaga, halafu bando za mwezi wa kwanza. Meza ngoja. Taa usiguse. Pesa itabaki.

Akajibu, "Na background?"

Nikamwambia arekodi pale waya anapopimia omena, mzani uonekane. Alikataa kabisa, ati wasee watamcheka. Tulibishana mpaka saa saba usiku. Jumamosi akanitumia video ya dakika tatu, Gor Mahia na AFC Leopards, sauti safi, mwanga wa asubuhi. Mzani haupo. Lakini kwa pembeni unaona gorogoro la omena, na dakika ya pili mama yake anamuuliza kwa Dholuo kama chenji ya ile pesa iko wapi. Sehemu hiyo hakuikata.