Mwamba wa Chokaa Si Chokaa

Mtajie chokaa mtu wa Tibirinzi, hapa Chake Chake, naye atafikiria kuta zinazopakwa nyeupe Idi ikikaribia, au kijikopo cha mla tambuu. Mtoto wake anayesoma jiografia anaambiwa kwamba mapango ya Amboni, karibu na Tanga, "yamo ndani ya chokaa". Akicheka, tusimlaumu. Chokaa ikizidi kidogo tu kwenye tambuu huunguza mdomo. Nani atakayeingia ndani yake atoke mzima?

Istilahi kamili ni mwamba wa chokaa, yaani mwamba ambao ukichomwa hutoa chokaa. Ni jina la mchomaji, si la mwanajiolojia, na mimi sioni ubaya. Pwani yetu imechoma matumbawe kwa karne nyingi: magogo hupangwa, mawe yakarundikwa juu yake, moto ukakokwa. Kikemia, mwamba huo ni kalsiamu kabonati. Moto huifukuza kabonidayoksaidi, na kinachobaki ndiyo chokaa. Ikitiwa maji huchemka. Ikishapakwa ukutani huivuta tena hewa ileile na kurudi kuwa jiwe, polepole.

Pangoni moto haupo, yapo maji. Mvua huchukua kabonidayoksaidi ya angani na ya udongoni, ikawa asidi hafifu, ikapenya nyufani na kuuyeyusha mwamba kwa maelfu ya miaka. Tone likifika darini mwa pango hewa ile hutoka, na madini yaliyoyeyuka huganda. Yanayoning'inia ni stalaktiti. Yanayoinuka kutoka chini, stalagmiti.

Wenye jamaa Oman watauliza: pango la Al Hoota, karibu na Al Hamra, limo katika nchi kame, mvua ilitoka wapi? Jibu limo katika stalagmiti zake. Wanasayansi walizikata wakazipima umri, wakaona zilikua nyakati ambazo mvua za pepo za kusi zilifika mpaka huko, mojawapo kati ya miaka 10,000 na 6,000 iliyopita. Pango hilo, lenye samaki vipofu, lilifunguliwa kwa wageni mwaka 2006.

Wengine huandika "jiwe la chokaa". Linafaa kwa kipande kilichomo mkononi, lakini pango halikai ndani ya kipande. Walimu, andikeni "mwamba wa chokaa" kwa ukamilifu wake, na "chokaa" tuwaachie wapaka rangi na wala tambuu.