Chumba chako ni tanuri? Anza na mwaka 1908

Januari, saa tano usiku. Niko chumbani kwangu Kisauni, mabati juu, feni inazungusha joto lile lile. Mita ikalia, tokeni zikaisha, feni ikasimama. Nikamkumbuka nyanya yangu wa Mtongwe. Nyumba yake haikuwa na feni hata moja, na usiku tulijifunika leso.

Zamani nilidhani nyanya alizoea joto tu. Kumbe ilikuwa nyumba, bana.

Hebu iangalie vizuri. Kuta za fito na udongo, paa la makuti lililoinuka. Kati ya ukuta na paa kuna nafasi, hewa moto inapanda na kutokea hapo. Ukumbi umenyooka kutoka mlango wa mbele hadi uani, kwa hivyo upepo ukiingia una pa kutokea. Nje kuna baraza yenye kivuli. Ukienda Mji wa Kale, au Lamu ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, utaona akili ile ile kwa mawe: kuta nene za matumbawe zinazochelewa kupata moto, boriti za mikoko, na vichochoro vyembamba ili nyumba moja iipe nyingine kivuli.

Sisemi zamani ilikuwa pepo. Chokaa ilichomwa kwa kuni nyingi. Mikoko ilikatwa na kusafirishwa kwa majahazi hadi Ghuba, mpaka Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Makuti nayo yanashika moto haraka na lazima uyabadilishe kila baada ya miaka michache.

Halafu saruji ikaja. Kiwanda cha Bamburi, hapa hapa Kisauni, kilianza kuzalisha mwaka 1954, na malighafi yake ni matumbawe yale yale ya pwani. Tofauti ni kwamba kutengeneza saruji kunahitaji tanuri la nyuzi 1,450 hivi. Lakini saruji si adui yangu leo. Swali langu ni hili: mbona sisi wa bara, Likoni, Kisauni, Changamwe, tumeishia na kuta nyembamba na mabati matupu?

Watu wanasema ni umaskini, au ati tulitaka kuonekana wa kisasa. Mimi nasema ni ardhi.

Ukanda wa maili 10 wa pwani ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na Waingereza wakaanza kuutawala kwa niaba yake mwaka 1895. Mwaka 1908 wakaleta sheria ya hati za ardhi: kila mtu aje adai kipande chake, kisichodaiwa ni cha serikali ya kikoloni. Waliojua makaratasi wakapata hati. Wengi wa Mijikenda, waliokuwa wakilima na kuzika wazee wao hapo, hawakupata.

Matokeo yake unayajua kama umekulia huku. Una nyumba, huna ardhi. Unalipa kodi ya kiwanja kila mwezi kwa mtu ambaye pengine hujawahi kumwona, na akitaka kiwanja chake, unatoka. Sasa niambie, nani atajenga ukuta mnene wa mawe mahali anapoweza kufukuzwa kesho? Unajenga kitu chepesi. Bati unaling'oa na kulipakia mkokoteni. Ukuta haupakiki.

Kiwanja cha nyanya kilipouzwa, alibeba milango na madirisha. Udongo ukabaki pale pale, mvua ikaumaliza. Chumba alichohamia kilikuwa cha mabati, na ndipo aliponunua feni ya kwanza maishani mwake.

Niliacha chuo mwaka wa pili, na hakuna darasa lililoniambia haya. Ndiyo maana nikisikia tukihubiriwa kuhusu nyumba za kutunza mazingira, nauliza kwanza: hati iko wapi? Januari 2016 wakaazi wa shamba la Waitiki, ekari 930 kule Likoni, walianza kupewa hati. Hati haipoozi chumba, lakini inakupa sababu ya kujenga nyumba ya miaka 50.

Na sisi wapangaji? Tusingoje. Mji wa Ahmedabad, India, ulianza mpango wa kupaka mapaa rangi nyeupe mwaka 2017, kwa sababu rangi nyeupe inarudisha jua. Mkichanga ploti nzima, mkopo wa rangi si pesa nyingi. Mwombe mwenye nyumba atoboe tundu la pili upande wa pili, juu karibu na paa, upepo upite. Pandeni mwarobaini upande wa magharibi, jua la alasiri likutane nao kwanza.

Nyanya hakuwahi kusikia maneno ya mabadiliko ya tabianchi. Lakini alijua upepo wa kusi unaingilia wapi na kaskazi inaingilia wapi, na mlango wake aliuweka kwa hesabu hiyo. Wewe chumba chako kinatazama upande gani?